Mtori, uji au kitawa? Kuchagua chakula baada ya kupandikizwa jino

Nilipandikizwa meno mawili taya la chini, upande wa kushoto, mwezi Juni, wakati Moshi inapojifunika mawingu na mlima unakaa siku nne bila kuonekana. Nilitoka kwa daktari na karatasi ya maelekezo, na kuhusu chakula ilikuwa na maneno matatu tu: kula vyakula laini. Nyumbani nilimkuta mdogo wangu ameshakoroga uji wa lishe. Jioni mama akashuka kutoka Kibosho na nusu mkungu wa ndizi mshare, akalitazama lile bakuli la uji, akalitazama shavu langu lililoanza kujaa, akasema, "Mwanangu, aliyetobolewa mfupa hanyweshwi uji. Anapikiwa mtori kama mzazi."

Mdogo wangu akamjibu kwa heshima, "Lakini mama, mtori una nyama, na nyama inatafunwa." Mama akasema nyama ya mtori hupondwa. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, nusu ya mdomo bado imekufa ganzi, sijala tangu asubuhi, na sufuria zote mbili zinafuka mvuke.

Jioni ile hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichopaswa kula, kwa sababu vyote vilikuwa vya moto. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Tangu hapo nimewapikia wengine wawili: mama mkubwa, ambaye ana kisukari na aliwekewa meno taya zima, na jirani aliyewekewa jino moja la juu. Katika hao watatu, nikijihesabu na mimi, hakuna aliyefaidika na orodha ileile ya vyakula kwa siku zilezile. Kwa hiyo ninalinganisha hapa vyakula vya kwetu, vile unavyovikuta kwenye masoko ya Moshi na Arusha kama Mbuyuni, Kiboriloni, Tengeru au Kilombero, na kusema waziwazi ningechagua kipi na siku gani.

Kwanza ujue kidonda chako

Jino la kupandikiza ni skrubu ndogo ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya. Jino unaloliona kwa macho huja kuwekwa juu yake miezi baadaye. Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, ndiye aliyeonyesha kwamba mfupa hai hushikamana na titani, na mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965. Kushikamana huko huchukua kama miezi 3 hadi 6, na taya la juu mara nyingi huchelewa kwa kuwa mfupa wake si mgumu kama wa chini. Katika muda huo adui mkubwa ni mtikisiko. Skrubu ikichezacheza, hata kwa kiasi cha sehemu ya kumi hivi ya milimita, mwili unaweza kuizungushia nyama ya nyuzinyuzi badala ya mfupa, na jino halitashika.

Ndiyo maana swali la chakula si la maumivu peke yake. Mimi skrubu zangu zilifukiwa kabisa chini ya ufizi. Nilichokilinda ni nyuzi za kushonea na donge la damu lililoziba kidonda, na baada ya wiki mbili nilikuwa natafuna vizuri upande wa kulia. Jirani yangu aliachiwa kifuniko kidogo cha chuma kinachochungulia juu ya ufizi. Yeye alilazimika kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu kila kitu kigumu kinachogonga kile kifuniko kinagonga na skrubu iliyo chini yake. Tena kwake daktari aliinua sakafu ya ule uwazi wa ndani ya mfupa wa shavu, unaoungana na pua, na kuongeza mfupa, kwa hiyo alikatazwa pia kupenga kamasi kwa nguvu.

Mama mkubwa ndiye aliyekuwa na kazi ngumu kuliko sote. Alifungiwa meno ya muda siku ileile, taya zima. Wiki ya tatu alikuwa hana uvimbe wala maumivu, ana meno mazuri mdomoni, na watu wakawa wanamwambia, "Shangazi, sasa si umeshapona? Chukua mshikaki." Kumbe kwa mtu kama yeye chakula laini huendelea wiki 6, mara nyingi hadi 12, kwa sababu yale meno ya muda yanapeleka nguvu yote ya kutafuna moja kwa moja kwenye skrubu ambazo bado hazijashikana na mfupa. Muulize daktari wako uko kundi gani kabla hujamuuliza unaruhusiwa kula nini.

Kipimo nilichokitumia kwa wote ni kijiko. Chakula ambacho ubavu wa kijiko unakikata bila kukaza mkono kinafaa. Kikihitaji kisu, subiri.

Mtori au uji wa lishe?

Huu ndio ubishi wa kila nyumba ya Kilimanjaro, na nitauchukulia muda.

Uji una sifa zake. Unaiva kwa robo saa, ni wa bei nafuu, na hauhitaji mdomo kufunguka. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko unavyodhani. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwangu taya lilikaza kiasi kwamba kijiko cha chakula kilikuwa hakipiti. Nilikunywa kwa kikombe, polepole, nikiinamisha kichwa upande wa kulia. Siku ile mtori mzito wa mama ningeuangalia tu.

Lakini uji una kasoro mbili. Ya kwanza ni chenga. Unga wa lishe wa mashine nyingi za mtaani ni mchanganyiko wa mahindi, ulezi, soya na karanga, na maganda ya ulezi hayayeyuki hata uchemshe saa nzima. Unayahisi kwenye ulimi kama mchanga mwembamba. Mdomo mzima hauyajali, ila kwenye kidonda yanajibanza kati ya nyuzi, na huwezi kupiga mswaki pale. Dawa yake ni kuuchekecha unga mkavu kwa chujio laini la chai kabla ya kuukoroga, kisha kuuchuja tena uji wenyewe ukishaiva. Karanga zilizosagwa nusu usizitie kabisa. Tia siagi ya karanga iliyo laini.

Kasoro ya pili ni kwamba uji unashibisha bila kujenga. Bakuli moja hutumia gramu 40 hivi za unga, na ndani yake protini ni kama gramu 3 kama unga ni wa mahindi na ulezi tu. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 48 kwa siku akiwa mzima, na mwenye kidonda anahitaji kuzidisha kidogo, maana ufizi mpya unajengwa kwa protini. Ukinywa uji mtupu wa namna hiyo mara tano kwa siku hujafika hata nusu. Ukiupika kwa maziwa nusu na maji nusu, ukaongeza kijiko cha chakula cha siagi ya karanga, bakuli linapanda hadi gramu 10 hivi, na hapo tunaweza kuzungumza. Sukari ipunguze. Kwa mama mkubwa hatukutia kabisa, kwa sababu sukari ikipanda mwilini kidonda kinachelewa kufunga na vijidudu vinapata nafasi.

Mtori nao una jambo ambalo sijaliona kwenye chakula kingine chochote cha kwetu: ndizi mshare ikichemshwa ikalainika na kupondwa inakuwa uji mzito usio na punje hata moja. Hakuna cha kujibanza kwenye mshono. Na supu ya nyama imo ndani yake, pamoja na nyama yenyewe. Gramu 50 za nyama ya ng'ombe iliyoiva zina protini gramu 13 hivi, na bakuli la mtori hubeba kiasi hicho bila shida.

Shida ni jinsi tunavyoupika. Mtori wa mezani una vipande vya nyama vyenye nyuzi, wengine hutia nyanya na hoho, na unaletwa ukichemka. Mtori wa mgonjwa wa taya unapikwa hivi: nyama ichemshwe peke yake na kitunguu hadi ianze kuchambuka, saa mbili au zaidi kama ni ya ng'ombe mkubwa, halafu itwangwe kwenye kinu mpaka iwe kama pamba iliyolowa. Mshare zichemshwe kwenye supu ileile, zipondwe, nyama irudishwe. Chumvi kidogo. Pilipili, limau na nyanya viondoke kwa wiki mbili za mwanzo, vinawasha kidonda. Kisha acha upoe mpaka ukiweka tone kwenye kifundo cha mkono husikii moto. Mtori ukipoa hukaza kama ugali, hivyo uwe na supu ya ziada pembeni, au maziwa, uulegeze wakati wa kula. Hilo mama hakuhitaji kufundishwa. Akina mama wa uchagani wamelegeza mtori wa wazazi miaka yote.

Uamuzi wangu: siku ya pili na ya tatu, uji wa maziwa uliochujwa, kwa kikombe. Kuanzia siku ya nne, mdomo ukianza kufunguka, mtori, na ubaki nao wiki nyingi iwezekanavyo. Mama alikuwa sahihi, alitangulia tu siku tatu.

Jioni ya kwanza: kitawa

Kumbe jibu la jioni ile lilikuwa jikoni kwetu na hakuna aliyelifikiria. Kitawa, ndizi zilizochemshwa zikapondwa na kuchanganywa na maziwa mgando, huliwa ikiwa imepoa. Kwa saa 24 za kwanza ni hicho unachokitaka: kilichopoa, kilaini, hakina punje, hakitafunwi. Moto siku hiyo ni hatari kwa sababu mbili. Unalegeza donge la damu na kuanzisha damu upya, na mdomo ukiwa bado na ganzi huwezi kujua kama unaungua. Ganzi ya taya la chini inaweza kukaa saa mbili hadi tano. Subiri iishe ndipo ule, la sivyo utajing'ata shavu au ulimi bila kusikia.

Kama huna ndizi, mtindi mtupu unatosha. Glasi ya mililita 250 ina protini gramu 8 hivi, sawa na maziwa ya kawaida, na uzito wake hukaa tumboni vizuri kabla ya dawa ya maumivu. Ibuprofeni usiinywe tumbo tupu. Mtindi au maziwa mgando? Kwa lishe ni ndugu. Ninachokisisitiza ni maziwa yawe yamechemshwa kabla ya kugandishwa. Mgando wa kibuyu uliotokana na maziwa mabichi una ladha nzuri, nakubali, lakini unaweza kubeba vijidudu vya brusela, na wakati mwili unapigana na kidonda si wakati wa kuuongezea homa.

Hapa kuna jambo la dawa ambalo watu hulichanganya. Amoksilini na maziwa havigombani. Doksisaiklini na maziwa vinagombana: kalsiamu huishika dawa tumboni na sehemu yake haiingii mwilini, kwa hiyo viachanishe kwa saa mbili au tatu. Na ukiandikiwa metronidazo, mbege na pombe nyingine zote ziache mpaka umalize dozi na siku chache zaidi. Mbege hata bila dawa hiyo ningeiacha wiki mbili, maana mbali na kilevi ina chenga za ulezi zilezile.

Jambo moja linahusu kila kinywaji: usitumie mrija. Kule kuvuta kunanyonya donge la damu litoke mahali pake. Mtindi wa pakiti umimine kwenye kikombe.

Parachichi au ndizi mbivu?

Parachichi. Kwa mtu mwenye kisukari hakuna hata ubishi. Lina mafuta gramu 15 hivi kwa kila gramu 100, linashibisha mtu anayekula kidogokidogo, na halina utamu wa kuganda mdomoni. Protini yake ni ndogo, gramu 2, kwa hiyo lipondee ndani ya kitu kingine: yai, mtindi, mtori uliopoa. Mama mkubwa alikula nusu parachichi kila asubuhi kwa wiki nane. Ndizi mbivu ni nzuri kwa asiye na kisukari, hasa ile ndizi ndogo iitwayo kisukari, lakini inanata, na baada yake lazima usukutue.

Papai liko sawa, toa mbegu zote. Embe lenye nyuzi, pasheni, stroberi na mapera yaache. Nyuzi na mbegu zake ndogo zinaingia kwenye mshono na hazitoki. Nanasi na machungwa vitakuwasha. Ukitaka vitamini C bila kuwashwa, papai linakupa ya kutosha.

Yai, samaki au nyama?

Ukiwa na uwezo wa kuchagua kimoja cha kukutoa wiki ya kwanza, chukua yai. Lina protini gramu 6, linaiva kwa dakika tano, na la kuvuruga kwa moto mdogo na maziwa kidogo linakuwa laini kuliko chochote kilichotoka kwa mnyama. Siri ni kulitoa motoni likiwa bado na unyevu. La kuchemsha ni tofauti kabisa: kiini chake kikavu kinavunjikavunjika na kuganda kwenye fizi. Na chipsi mayai, rafiki wa wengi wetu pale stendi, haifai kwa sababu ya kingo ngumu za chipsi na mafuta ya moto, si kwa sababu ya yai.

Samaki anashinda nyama kuanzia siku ya tano hivi. Perege au sato wa kuchemsha anachambuka kwa kijiko bila kutwangwa, na gramu 100 zina protini karibu gramu 26, sawa na nyama ya ng'ombe. Tatizo ni miba. Mwiba mmoja ukichoma pale penye mshono utajuta, kwa hiyo amchambue mtu mwingine mwenye subira, na wewe umpitie tena kwa vidole. Sato mkubwa ni salama kuliko perege mdogo kwa sababu miba yake inaonekana. Dagaa wasubiri, labda uwasage wawe unga.

Nyama, nje ya mtori, ningeirudisha kwa hatua: ya kusaga iliyochemshwa na viazi wiki ya pili, maini laini baadaye, mchemsho wa kuku wa kisasa wiki ya tatu kwa mtu wa skrubu zilizofukiwa. Kuku wa kienyeji na nyama choma ni habari ya miezi. Supu ya kongoro nzuri ikiwa imechujwa na imepoa kidogo. Kisusio, ile supu ya damu, hapana, kwa moto wake na vipande vyake.

Ugali, wali, makande, loshoro

Watu wengi huwaza ugali ni mgumu na wali ni laini. Kwa kidonda cha mdomoni ni kinyume. Ugali laini wa sembe, uliosongwa mlegevu na kuchovywa kwenye mchuzi usio na pilipili, unateleza na kupita kama tonge moja. Wali ni punje. Hata wali bokoboko huacha punje mbilitatu pale nyuma, na ulimi hauzifikii. Jirani yangu alikula wali siku ya sita kwa sababu ulionekana laini, akakaa usiku kucha akihisi kitu kwenye mshono, na asubuhi kikatoka kwa maji ya chumvi: punje moja nzima. Mimi wali niliugusa baada ya nyuzi kutoka. Nyingine huyeyuka zenyewe ndani ya wiki moja au mbili, nyingine daktari huzitoa siku ya 7 hadi ya 10.

Viazi mbatata vilivyopondwa na maziwa viko salama kama ugali laini, na ladha ni nzuri zaidi. Viazi vitamu vina nyuzi, chagua vyenye nyama ya rangi ya chungwa iliyo laini. Kiburu, yaani ndizi na maharage, inafaa tu kama maharage yamepondwa na maganda yamechujwa. Maganda ya maharage ni membamba na yanajikunja chini ya ufizi kama karatasi.

Upande wa Arusha, mama mkubwa aliletewa loshoro na jamaa zake wa Meru, kwa mapenzi kabisa. Maziwa mgando yake mazuri, lakini mahindi yaliyokobolewa bado ni mahindi, kila punje inahitaji gego. Tulimwachia maziwa, mahindi wakala wajukuu. Makande nayo ni hivyohivyo, hata yakilainishwa kwa magadi. Na kwa kuwa nimeyataja magadi: yale ya huku kaskazini yana floridi nyingi, sawa na maji ya visima vingi vya kuzunguka mlima Meru, ambayo ndiyo huwapa watoto meno ya kahawia wakati yanapoumbwa. Kwa mtu mzima mwenye skrubu hayana la kumharibia mdomoni, ila kama nyumbani kuna wadogo, sababu ya kuyaacha ipo.

Blenda au mwiko?

Blenda inakuokoa kwenye nyama na mboga. Mchicha uliochemshwa ukasagwa unaingia kwenye mtori bila kuacha nyuzi. Lakini ndizi zilizochemshwa zikisagwa kwa blenda zinavutika kama gundi. Mwiko unazipa ulaini ulio mwepesi. Umeme ukikatika, kinu na chujio vinafanya kazi yote. Mama mkubwa wiki nane nzima tulimpikia kwa kinu.

Ukiwa safarini

Siku ya tisa nililazimika kwenda Arusha kikazi, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, na saa ya chakula cha mchana haikunisubiri. Nililinganisha njia mbili. Kwa mama lishe kulikuwa na mtori, lakini nilipouliza kama unaweza kupatikana bila vipande vya nyama, dada aliyekuwa akipakua aliniambia kwa upole, "Dada, nitakuwekea wa juu, nyama imekaa chini." Akaupoza kwa kuuhamisha bakuli hadi bakuli. Njia ya pili ni kubeba chako. Chupa ya chai huweka mtori katika moto wa hatari kwa saa tano, kwa hiyo usifanye kosa langu la safari ya kwanza la kuujaza ukichemka. Uweke ukiwa vuguvugu tu na uule ndani ya saa mbili. Vinginevyo beba parachichi, kijiko na pakiti ya mtindi. Juisi za vibandani zinakuja na mrija na barafu ya maji usiyoyajua, ziache.

Chai na kahawa ziliniuma kuziacha, Juni ile. Siku ya kwanza hakuna kabisa za moto. Baadaye vuguvugu ni sawa, ila kama umepewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ujue chai na kahawa vikikutana nayo huacha madoa ya kahawia kwenye meno mengine. Kunywa chai kwanza, subiri, ndipo usukutue.

Baada ya kila mlo, kuanzia saa 24 kupita, maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Zungusha kichwa, usizungushe maji kwa nguvu ya mashavu. Fungua mdomo yamwagike yenyewe bila kutema. Damu isiyokoma baada ya kubana pamba safi nusu saa, uvimbe unaozidi baada ya siku ya nne, usaha, homa, au skrubu inayocheza ukiigusa kwa ulimi, hayo si ya kutibiwa kwa mtori. Mpigie daktari siku hiyohiyo.

Meno yenyewe, yale yanayokaa juu ya skrubu, niliwekewa Novemba. Hata hapo nilirudi kwenye nyama choma na muwa taratibu, kwa sababu jino la kupandikiza halina ile nyama nyembamba inayolizunguka jino la asili na kukupa taarifa ya uzito wa unachokiuma. Unaweza kuuma kwa nguvu kubwa bila kujua.

Siku moja kabla

Kama miadi yako ni kesho, nenda sokoni leo. Chukua mshare mbichi kabisa, zile ambazo maziwa yake bado yanatoka ukikata, za kutosha siku nne. Zikianza kuiva mtori unakuwa mtamu na mlegevu. Chagua maparachichi matatu kwa ngazi: moja la kuliwa kesho, moja la keshokutwa, moja gumu la mwisho wa wiki. Mayai trei moja kama mko wengi, nusu kama uko peke yako. Maziwa lita mbili, uyachemshe, moja uligandishe. Nyama nusu kilo, uichemshe na kuitwanga usiku huuhuu, uigawe kwenye vikombe vinne na kuigandisha, maana kesho hutakuwa na nguvu ya kushika mchi. Chekecha unga. Pika kitawa asubuhi kabla ya kuondoka, ukifunike, ukiweke mahali pa baridi. Na mwambie mama aje siku ya nne.